Msimu wa Ugua Pole

27 Mei

Bwana Kuriyama, anayeninyoosha bega pale hospitali, amenipa daftari hili. Kila jioni niandike nilichofanya siku hiyo, ili naye aone mkono unavyorudi. Nikamuuliza, na kama sikufanya kitu niandike nini? Akacheka, akadhani namtania.

Leo nimekunywa chai. Nimeangalia mvua.

29 Mei

Basi na niandike vizuri, asije akasema mwanamke huyu mvivu hata wa kuandika. Naitwa Tatsue, nina miaka sitini na miwili. Aprili niliteleza kwenye mteremko wa shamba letu, kano ya bega la kulia ikakatika, wakaishona. Daktari kasema mpaka mwisho wa Agosti mkono huu usinyanyue kitu kizito kuliko kikombe. Maana yake ni msimu mzima wa plamu.

Tangu niolewe hapa Minabe sijakosa msimu hata mmoja. Mwanangu Yasunori nilimzaa tarehe tisa Juni, na tarehe ishirini nilikuwa bandani nachambua plamu naye yuko mgongoni. Nimeisimulia habari hiyo kwa majigambo miaka thelathini na tisa, na watu wote husema, lo, mwanamke wa chuma huyo. Leo nilimsimulia Bwana Kuriyama. Hakunisifu. Aliuliza, "Na wewe ulikuwa unaangaliwa na nani?"

Swali gani hilo.

2 Juni

Mvua.

4 Juni

Yasunori na mkewe Misato wametandika nyavu chini ya miti. Nimewatazama kutoka barazani tangu asubuhi. Misato hutandika wavu kama mtu anayetandikia wageni kitanda, ananyoosha kila kona, anarudi nyuma, anatazama, ananyoosha tena. Mimi ningekuwa nimemaliza mteremko mzima kabla ya saa sita, tena nimeshapika.

Saa nne ikafika, akaketi juu ya kreti akanywa chai yake ya shayiri mpaka tone la mwisho. Miaka minane yuko nyumbani kwangu na hajawahi kuikosa chai ya saa nne. Mimi yangu siku zote huinywa nimesimama, jicho liko kwenye kazi. Leo nilikuwa nimeketi saa nne, na saa tano, na saa sita, na hakuna aliyeniuliza mbona nimekaa.

7 Juni

Nyumba yetu iko pale njia ya mlimani inapoungana na barabara. Jioni kila atokaye shambani hupita langoni, na miaka yote hii tumekuwa tukirushiana, "Poleni na kazi." "Nanyi poleni." Leo niliketi langoni kwa makusudi. Wakapita kumi na saba, kila mmoja akainama akaniambia, "Ugua pole, Mama."

Pole ni ile ile. Lakini ya kwanza humwambia mtu umetoa kitu, na ya pili humwambia umepungukiwa. Kimiyo, jirani yangu ambaye tumezeeka pamoja, alinipa mimi "ugua pole" na Misato aliyekuwa nyuma yangu "pole na kazi", zote kwa pumzi moja. Nikacheka naye. Kisha nikaingia jikoni, nikalia huku naosha mchele kwa mkono mmoja.

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoletwa hapa kutoka Kushimoto, binti wa wavuvi asiyejua plamu mbichi na mbivu, mama mkwe wangu hakuniambia "pole na kazi" kwa misimu miwili. Alikuwa akiwaambia vibarua, mimi akaniruka kama sipo. Msimu wa tatu nikachambua makreti mengi kumpita yeye. Akapita nyuma yangu akasema, chini chini, "Pole na kazi." Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha. Nadhani tangu siku ile nimekuwa nikila chakula hicho hicho.

12 Juni

Plamu hazianguki. Baridi imekataa kuondoka.

14 Juni

Bado. Yasunori anasimama chini ya miti ameinua uso kama mtu aliyeahidiwa kitu akasahauliwa. Ameahidi mzigo kwa ushirika kufikia tarehe ishirini. Lakini plamu yetu haichumwi, huachwa iive mpaka ianguke yenyewe wavuni. Hilo ndilo jina la nyumba hii. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mti ndio wenye saa, sisi ni wenye nyavu tu.

Nilikunja taulo kwa mkono wa kushoto, saba, zikawa kama zimekunjwa na upepo. Misato akaja akasema, "Acha tu, Mama, nitafanya mimi." Kasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionikera. Wenye busara wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa hapa miaka arobaini na leo ni mgeni asiyepewa jembe.

17 Juni

Leo nina la kuandika.

Yasunori na Misato walikwenda mjini na pikapu kununua chumvi ya kulowekea plamu. Ukungu ulikuwa mzito hata banda halionekani. Nikavaa viatu vya mpira, hiyo peke yake ilinichukua robo saa, nikapanda mpaka kwenye ngazi ya juu ya shamba, ile yenye miti mikongwe. Ni sehemu ya Misato mwaka huu. Nyavu zilikuwa na plamu chache mno, za kuhesabika.

Palikuwa na mwanzi umeegemezwa kwenye ukuta wa mawe wa ngazi ile. Nikaushika kwa mkono wa kushoto. Nilijiambia nalitikisa tawi moja tu, zile zilizo tayari zipate kisingizio. Zikaanguka. Oh, sauti ile! Kama mtu anamimina mahindi. Nikatikisa la pili. La tatu nililipiga.

Nilirudi nimelowa mpaka ndani, bega linaniuma, nina furaha kama msichana. Misato alipopanda jioni alikuta nyavu zimejaa. Alikuja chini mbio kumwambia mumewe. Nilikula bakuli mbili za uji wa mchele uliopikwa kwa chai, na jana nilishindwa nusu.

18 Juni

Nimekwenda tena walipokuwa banda la chini. Miti sita.

19 Juni

Wakati wa chakula cha jioni Yasunori alimsifu mkewe. Hasifu ovyo, mwanangu, ana ulimi mzito wa babake. Alisema ngazi ya juu ndiyo imeokoa ahadi yake kwa ushirika, na kwamba miaka minane imepita lakini sasa Misato amekuwa mwanamke wa plamu. Misato akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema hata hajui alichofanya.

Nilitaka kusema ni mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikiwaambia nilipanda mlimani, wataficha viatu vyangu. Nikatia samaki mdomoni badala ya maneno.

20 Juni

Ushirika umerudisha makreti ishirini na mawili.

Mkaguzi, Bwana Sakaguchi, alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Aliweka plamu moja mezani mbele ya Yasunori. Ilikuwa na kikonyo. Hakuhitaji kueleza. Plamu iliyoanguka kwa hiari yake huacha kikonyo mtini. Inayokuja na kikonyo chake imeng'olewa. Tena ilikuwa ngumu, na ubavuni ina alama ya kupigwa. Alisema kwa adabu, kwa sababu alimjua mume wangu, kwamba mzigo huu utakwenda kupikwa jemu, na kwamba hakutegemea kuona kitu hiki kutoka nyumba hii.

Alipoondoka Yasunori alimgeukia Misato. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akamuuliza kama alipiga miti. Misato akasema hapana. Akamuuliza tena. Akasema hapana. Akamuuliza, basi miti imejipiga yenyewe?

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi pale pale, mkono umefungwa shingoni, napuliza chai iliyokwisha kupoa. Hakuna aliyenitazama hata mara moja. Mgonjwa hashukiwi.

21 Juni

Mvua kubwa. Misato amekula bandani.

22 Juni

Mvua. Kimiyo kapita kuniambia huko barabarani wanasema mkamwana wangu ana haraka, na kwamba watu wa bara kama yeye hawaijui plamu. "Ulikuwa ukisema mwenyewe ni mzito wa kazi," akanikumbusha. Ni kweli nilisema. Nimesema kwa miaka minane, kwa kila aliyesimama langoni.

23 Juni

Plamu zimeanza kuanguka zenyewe. Kutoka chumbani nazisikia, moja, kimya, mbili, kimya. Zingekuja hata kama nisingezaliwa.

24 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa bandani peke yake anachambua. Nilisimama mlangoni kitambo. Nimezoea kumtazama mikono tu nione kama inakwenda upesi, leo nikamtazama uso. Ana mvi upande mmoja. Sijui zimeota lini.

Nikasema, "Misato, ni mimi niliyepiga miti. Siku mbili. Kwa mwanzi."

Mikono yake ikasimama. Akaniambia kwamba siku nne zote amekuwa akifikiri labda ni yeye, labda alivuta nyavu kwa nguvu zikakwama kwenye matawi ya chini, na usiku amekuwa akizitandika upya kichwani kutafuta alipokosea. Kisha akauliza kwa nini.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kwamba ahadi ilikuwa inamshinda Yasunori, kwamba nilitaka kusaidia. Yote hayo ni kweli na yote ni uongo. Nikasema, "Nilitaka kuambiwa pole na kazi."

Sikutegemea atacheka, naye hakucheka. Alivua glavu, akaziweka juu ya plamu, akaketi.

"Mama," akasema, "mama yangu alipofariki Februari, nilirudi hapa siku ya tatu. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Ilikuwa wakati wa maua. Nilikuwa juu ya ngazi, nikamwona anapanda mlima amefunga kitambaa kichwani, nikamwambia, "Hodari. Siku ya tatu umesharudi kazini." Nilikuwa nimemsifu. Katika miaka minane ni sifa pekee niliyompa, na niliitoa kwa moyo mweupe.

"Nilipita mbele yako makusudi," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie nikapumzike. Ungeniambia neno hilo ningeangukia pale pale nikalia. Uliposema hodari, ikabidi nichukue mkasi nikapogoe."

Nilisema samahani, neno dogo likaanguka sakafuni kati yetu. Akavaa glavu zake akaendelea kuchambua. Hakuniambia nikae, hakuniambia niondoke. Nikaondoka.

Jioni nikamwambia Yasunori mbele ya mkewe.

25 Juni

Nimekwenda ushirika kwa miguu kumwinamia Bwana Sakaguchi. Alinitazama mkono, akasema, "Ugua pole." Ilinistahili.

26 Juni

Yasunori hasemi na mimi. Ananiletea dawa, ananifungulia mlango, hasemi.

30 Juni

Nimemwambia Kimiyo ukweli ili aupeleke barabarani kama alivyoupeleka uongo. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Yaani umekuwa mwizi wa plamu zako mwenyewe!" Nikamwambia apeleke na hilo pia, lakini jina la Misato alisafishe kwanza.

Alipokwisha kucheka akasema yeye huamka saa kumi alfajiri kila siku hata wakati wa baridi, na hana la kufanya, huwa anafuta vyombo ambavyo ni safi. Sikuwa najua. Tumeulizana hali ya shamba miaka arobaini.

5 Julai

Mvua. Nimehesabu matone kwenye ukingo wa paa, nikajikanya.

9 Julai

Bwana Kuriyama amelisoma daftari. Sikufikiri kweli atalisoma. Alifika kwenye ile siku ya mwanzi, akafunga, akanirudishia, akasema hili siyo lake tena, niliandike kwa ajili yangu. Nikamuuliza mkono unaendeleaje. Akasema mkono ndio rahisi.

13 Julai

Mchana kutwa nyumbani peke yangu. Nilifikiri, kama ningekufa asubuhi hii, wangesema nini juu yangu? Alikuwa mchapakazi. Halafu? Nilingoja kusikia la pili, halikuja. Nikajaribu kwa mume wangu. Alikuwa mchapakazi, na alipenda tikiti maji lenye chumvi, na aliimba vibaya akiwa bafuni, na aliogopa mbwa. Kwake yeye yalikuja mengi. Yote ninayoyapenda ni yale ambayo hayakujaza kreti hata moja.

Nililia, lakini siyo kilio kile cha mchele.

21 Julai

Mvua imekatika. Jua limekuja na vurugu zake zote.

24 Julai

Plamu zimetolewa kwenye chumvi, zimetandazwa kwenye vichanja vya kuanikia, uwanja mzima umekuwa mwekundu. Siku tatu za jua, kila moja igeuzwe. Niliketi kivulini. Mikono iliniwasha, hasa wa kushoto, ambao hauna ugonjwa wowote wa kujitetea.

Saa nne Misato alikuja na birika la chai ya shayiri na vikombe viwili. Mwezi huu wote amenihudumia kwa heshima, heshima kavu kama ya hoteli. Akapindua kreti moja, kisha akapindua na la pili. Nikaelewa ni langu. Nilijua sina haki ya kuongea kazi, na bila kazi sikuwa na neno hata moja la kuanzia. Kikombe kilikuwa kimefika nusu nilipopata.

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Akanitazama aone kama natafuta kitu. Kisha akaniambia. Kwamba aliitwa Fusae. Kwamba alikuwa mshonaji asiyemaliza nguo, nyumba nzima imejaa magauni ya mkono mmoja mmoja. Kwamba alikuwa akikaa dirishani saa nzima akitazama watoto wa shule wakipita, na ukimuuliza unafanya nini anasema, "Nawaona." Dakika kumi za mapumziko zikapita, zikawa ishirini. Plamu zilikuwa juani zinangoja kugeuzwa, na nilikiona kila kichanja, sitasema uongo. Sikutaja.

Yasunori alipita na toroli. Akatukuta tumekaa, sote wawili, saa nne na nusu. Akatazama vichanja, akatutazama sisi, akaenda.

2 Agosti

Misato anatakiwa kwao Hashimoto katikati ya mwezi, kupokea roho ya mama yake inayorudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu afariki. Alikuwa amepanga kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa sababu ya plamu. Nikamwambia akae siku zote nne. Akasema kazi je? Nikasema kazi haina mama. Kisha, kabla sijaogopa, nikauliza kama naweza kwenda naye.

Akasema mkono wangu bado, sitaweza kusaidia chochote kule.

"Najua," nikasema.

15 Agosti, Hashimoto

Tuko hapa tangu juzi. Nyumba imejaa shangazi, taa za karatasi, uvumba, na harufu ya vitu vinavyokaangwa. Siku ya kwanza niliinuka mara tano kwenda jikoni, mara tano wakanirudisha. Siku ya pili mara mbili. Baba yake Misato, mzee mfupi asiye na maneno, alininyooshea mto wa kukalia, akaondoka. Nimekaa juu yake mbele ya picha ya Fusae. Ana uso wa kucheka nusu, kama magauni yake. Nilimwomba radhi kwa ajili ya Februari. Sikuwa na kazi nyingine humu ndani, na hiyo ilinichukua muda mrefu.

Leo mchana Misato alitoka jikoni na aproni yake, unga mpaka kwenye viwiko. Akaketi ubavuni pangu. Alikuwa amebeba sinia tupu, akaliweka chini. Tukatazama picha. Nilitafuta neno, na yale yaliyokuja yote yalikuwa ya zamani, hodari, jikaze, maisha yanaendelea. Nikayaacha yapite.

Nikasema, "Pumzika, mwanangu."

Akajiinamia polepole, kichwa chake kikaja mapajani mwangu. Akalia kama mtoto, kwa sauti, bila aibu ya shangazi zake. Nilimwekea mkono wa kulia kichwani. Hauruhusiwi kunyanyua kitu, lakini kutua unaweza. Kilio kikapungua, kikawa pumzi, pumzi ikawa usingizi.

Kutoka jikoni wakaita kwamba chakula tayari. Wakaita tena. Yasunori, aliyefika na treni ya mchana, akachungulia mlangoni. Hajaniambia neno lisilo la dawa tangu Juni. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Mama, wanakuita," akanong'ona. Nikatikisa kichwa. Akasimama pale kidogo, kisha akaingia, akaketi sakafuni upande wa pili wa mkewe, naye akakaa.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuchomachoma, ukafa ganzi mpaka kiunoni. Sikuusogeza.